Ndoo za Rangi Zikae Stoo Kwanza

Kuanzia mwezi wa Sita, mvua zikishakatika, simu nyingi tunazopokea zinafanana: "Fundi, tumepata nyumba, ni ya zamani kidogo. Tunataka mtupigie rangi tu, tuhamie kabla shule hazijafunguliwa."

Mwaka jana tuliitwa Area C, hapa Dodoma, na familia iliyorithi nyumba ya babu, iliyokaa imefungwa miaka minne. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na nyumba za zamani tunazoitiwa nyingi ni za miaka ya baada ya hapo, kwa hiyo umri wake ni mkubwa kuliko wa wenyewe wanaohamia. Familia hii ilikuwa imepanga Nkuhungu, na ndoo nne za rangi zilishanunuliwa. Tukawaomba waziweke stoo. Mama hakufurahi, na tunamwelewa, maana kila mwezi unaopita ni kodi nyingine. Lakini pale sebuleni, kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti, rangi ya zamani ilikuwa imevimba kama lengelenge, na ukiipapasa unabaki na unga mweupe mkononi.

Hayo ni magadi. Hapa Dodoma kila mtu anayajua kwa jina, ila wengi wanadhani ni ubovu wa rangi. Sehemu nyingi za mji huu ardhi ina chumvi, na maji ya visima vingi yana chumvi pia. Unyevu wa chini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, ukiwa umebeba chumvi iliyoyeyuka. Ukifika usoni mwa ukuta, hewa yetu kavu inayakausha maji, chumvi inabaki, inaganda, na inasukuma lipu kwa nje. Ndiyo maana ukuta unaweza kuliwa na maji katikati ya kiangazi.

Kinachofanyika mara nyingi ni fundi kukwangua, kupiga skimu na kumalizia na rangi ya mafuta ili ukuta "usipitishe maji". Miezi mitatu unapendeza. Maji yakikosa pa kutokea hapo chini yanapanda zaidi, na alama iliyokuwa magotini inahamia kiunoni. Tumebandua kuta nyingi za namna hiyo, na inatuuma, kwa sababu mteja alitoa pesa yake halali akaongezewa tatizo.

Sisi tunaanza kwa kutafuta maji yanatoka wapi. Area C tulifunga koki zote, tukaenda kutazama mita ya maji: ilikuwa bado inazunguka. Bomba la chuma chini ya bafu lilikuwa limeoza. Nje nako, kwa miaka yote hiyo mvua ilikuwa imesomba mchanga na kuurundika ukutani mpaka ukapita usawa wa sakafu. Tuliubadilisha mstari wote wa bomba, tukachimba udongo ukashuka kama sentimita 15 chini ya sakafu, tukamwaga zege jembamba kuizunguka nyumba, lenye mteremko wa kwenda nje. Ndani tukabandua lipu hadi futi moja juu ya alama ya magadi, tukasugua tofali kwa brashi kavu na kuufagia ule unga ukatoke nje kabisa. Usiuoshe kwa maji, utairudisha chumvi ndani. Kisha tukaacha ukuta ukauke wiki saba.

Kuna jambo tunamwambia kila mteja mapema. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na kuiweka sasa chini ya ukuta uliosimama ni kazi ghali mno. Kwa hiyo tunaahidi magadi yatapungua sana. Hatuahidi kwamba hayatarudi kabisa.

Wiki saba hizo hazikupotea. Tulipanda darini, tukakuta popo, na njia za mchwa zinatoka ukutani hadi kwenye kenchi. Mbao mbili ukizigonga kwa nyundo zinalia kama debe tupu, tukazibadilisha. Njia za mchwa ukizikwangua tu watajenga nyingine, hivyo tulizifuata hadi kwenye msingi, tukachimba mfereji na kumwaga dawa. Bati zilihitaji misumari mipya, kwa sababu upepo wa Dodoma huzilegeza taratibu. (Kama paa lako ni la zile bati nene za kijivu za asbesto, tafadhali usiruhusu mtu azikate wala kuzivunja. Vumbi lake linaharibu mapafu. Tupigie kabla hazijaguswa.) Umeme tulimwachia fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na alikuta panya wamekula waya juu ya chumba cha watoto. Kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu, usiwashe umeme kabla waya hazijapimwa.

Vyumba viwili vya nyuma kuta zake zilikuwa kavu. Umeme na maji vilipokamilika, tulivimalizia hivyo kwanza, familia ikahamia humo na kodi ya Nkuhungu ikakoma. Tunapenda kufanya hivi kila inapowezekana.

Ukitaka kujipimia mwenyewe kabla ya kutuita, chukua kipande cha nailoni ngumu, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yako ndani ya ukuta wenyewe. Siku ya ukaguzi tunahitaji asubuhi moja, ngazi ya kufika darini, na mtu anayeijua historia ya nyumba. Kule Area C alikuwa bibi. Ndiye aliyetuonyesha shimo la zamani la choo lilipofukiwa, hatua tano tu kutoka mahali tulipokuwa tumepanga kupitisha bomba jipya.

Lipu mpya tuliipiga kwa mchanga safi wa mtoni na maji yasiyo na chumvi. Ilipokauka, mama akazitoa ndoo zake stoo. Zilikuwa za rangi ya maji, inayouacha ukuta upumue, kwa hiyo hakuna iliyopotea. Kupaka kulichukua siku nne.