Mwandishi wenu aende masjala ya ardhi

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika magazetini. Mlipoukata ukurasa wa habari za nje ukabaki nusu nilinung'unika nyumbani tu, sikukusumbua. Lakini ile makala yenu ya Wakristo wa Iraq, ile yenye picha ya Papa Fransisko amesimama kati ya magofu ya Mosul, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu anatuambia mateso yalikwisha Daesh, wale wanaojiita Dola la Kiislamu, ilipoangushwa mwaka 2017, makanisa yanakarabatiwa, na asiyerudi kwao leo amependa mwenyewe.

Amependa! Na hayo mateso yalianza lini, kwa hesabu yake? Makanisa ya Baghdad na Mosul yalilipuliwa kwa mabomu Jumapili moja ya Agosti 2004. Padri Ragheed Ganni alipigwa risasi Mosul Juni 2007, ametoka tu kuadhimisha Misa. Askofu Mkuu Paulos Faraj Rahho alitekwa Februari 2008, na mwezi uliofuata ikapatikana maiti yake. Oktoba 31, 2010 zaidi ya watu 50 waliuawa ndani ya kanisa la Mama Yetu wa Wokovu, Baghdad, mapadri wawili wakiwemo. Kabla ya uvamizi wa Marekani wa 2003 Wakristo wa nchi ile walikadiriwa kupita milioni moja. Mosul ilipoanguka Juni 2014, wengi wao walikuwa wameshatawanyika zamani. Daesh ilimalizia tu: ikapaka kwenye kuta za nyumba zao herufi ya Kiarabu "nun", ya kwanza katika "Nasara", yaani Wakristo, ikawapa hadi Julai 19 wasilimu, walipe jizya, ile kodi ya wasio Waislamu, waondoke au wauawe, na Agosti ikauchukua Qaraqosh, mji mkubwa wa Wakristo katika Uwanda wa Ninawi.

Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa Ankawa, mtaa wa Wakristo pale Erbil, mji wa Kurdistan kaskazini mwa Iraq, nikipika na kufagia katika nyumba ya wageni. Niliwaona watu wa Qaraqosh wamelala kwenye viwanja vya makanisa na kwenye maghorofa yasiyoezekwa. Hilo dunia nzima ililiona kwenye televisheni, silirudii. Nataka kukueleza kitu ambacho hakikupigwa picha.

Mwenzangu jikoni alikuwa mama mjane wa Kikaldayo, yaani wa lile kanisa kubwa la Kikatoliki la Iraq, kutoka Baghdad. Mumewe aliuawa miaka ya vurugu, naye akakimbia na watoto, akafunga nyumba na funguo akaondoka nazo. Hali ilipotulia aliniomba nimsindikize Baghdad kufuatilia nyumba yake, maana aliogopa kwenda peke yake. Tulimkuta ndani mtu aliyetufungulia mlango vizuri kabisa, akatutolea na karatasi: hati ya mauziano, yenye mhuri, na saini ya mume. Tarehe ya saini ilikuwa miezi kadhaa baada ya mazishi. Tukaenda ofisini, tukapanga foleni, tukaambiwa tulete hati ya asili, ambayo ilibaki kwenye kabati ndani ya nyumba ile ile. Tukaonyesha cheti cha kifo. Yule karani alikitazama, akakirudisha, akamuuliza mwenzangu, tena kwa upole, kama mtu anayekupa ushauri: "Mama, nyumba unaitakia nini? Nyie si mna ndugu Australia?" Hakutukana, hakupandisha sauti, bunduki sikuiona. Mtu mwenye nyumba yake, mwenye kaburi la mumewe katika mji ule, anaulizwa ataondoka lini! Na huyo mwandishi wenu angemkuta leo huko ng'ambo aliko, angemwandika kwamba amehama kwa hiari.

Wala si kisa cha mjane mmoja. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Januari 2021 Muqtada al-Sadr, kiongozi wa dini wa Kishia mwenye wafuasi wengi, aliunda kamati ya kupokea malalamiko ya mali za Wakristo zilizonyakuliwa, hata kama wanyakuzi ni wafuasi wake mwenyewe. Julai 2023 Rais Abdul Latif Rashid akafuta amri iliyomtambua Kardinali Louis Raphaël Sako kuwa msimamizi wa mali za Kanisa la Wakaldayo. Kardinali akahama Baghdad, akakaa Kurdistan hadi mwaka uliofuata. Bungeni Wakristo wametengewa viti 5 kati ya 329, na mpiga kura yeyote, awe Mkristo au la, anaweza kuvipigia. Na sheria ya kitambulisho cha taifa ya 2015 inasema mzazi mmoja akisilimu, watoto wadogo wanamfuata. Haya yote yametokea ama yanaendelea mchana kweupe, chini ya serikali iliyochaguliwa. Makala yenu haikuligusa hata moja.

Na kwa kuwa nimeshachokozeka: zile barua mlizochapisha wiki iliyofuata ziliniudhi kuliko makala. Wasomaji wawili watatu wameona hapo ni pahala pa kuwatukania Waislamu wote, nanyi mkaziacha zipite. Waulizeni basi kama wanajua kwamba profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Mosul, Mwislamu, aliuawa Julai 2014 kwa kupinga Wakristo kufukuzwa. Kama wanajua waliochinjwa na Daesh wengi walikuwa Waislamu. Wayazidi wa Sinjar, watu wa dini yao ya kale kaskazini mwa Iraq, ambao wanawake wao waliuzwa sokoni, hawakupata hata sentensi kwenye gazeti lako. Anayewalilia Wakristo wa Iraq ili apate fimbo ya kumpigia jirani yake, bora anyamaze.

Pendekezo langu ni dogo. Safari nyingine msimpeleke mwandishi kanisani. Kanisani atapewa chai na kuonyeshwa madhabahu mpya. Mpelekeni masjala ya ardhi ya Al-Hamdaniya, wilaya yenye mji wa Qaraqosh, siku ya kazi, afike kabla hawajafungua, asibebe kamera, akae kwenye foleni pamoja na wenye bahasha za hati zao hadi dirisha lifungwe. Afanye hivyo wiki nzima, kisha aandike aliyoyasikia. Pesa ya tiketi mtaipata mkipunguza zile kurasa nne za uhamisho wa wachezaji.

Msomaji wako,
(Jina nimelihifadhi kwa sababu ya mwenzangu)