Nywila Ngumu, OTP Ipo, Mbona Mtu Kaingia?

Ofisi nyingi tunazozihudumia siku hizi zina mlango mmoja tu: ukishaingia kwenye akaunti ya kazini, barua pepe, mishahara na fomu za likizo zote zinafunguka bila kuulizwa nywila tena. Raha yake inaeleweka. Kinachosahaulika ni kwamba mifumo hiyo mingine haijawahi kukuona ukiandika nywila. Inaamini tu cheti kilichotolewa na mfumo mkuu kwamba huyu ni wewe.

Kwa wanaotumia SAML, kiwango cha mifumo kupashana habari kwamba mtu ameshathibitishwa, cheti hicho hupitia kwenye kivinjari chako kikiwa na sahihi ya kidijitali. Mtu akikinasa, labda kupitia programu mbovu iliyopachikwa kwenye kivinjari au kumbukumbu za seva zilizoachwa wazi, hana haja ya kubadilisha hata herufi. Anakituma tena kama kilivyo. Sahihi ni halali, jina ni lako, na OTP, ile namba ya mara moja inayotumwa kwenye simu, haimhusu kwa kuwa wewe ulishaiweka. Ni tiketi ya mpira isiyochanwa mlangoni: aliyeingia anaipenyeza uzioni, na mwenzake anaingia nayo.

Kuichana ni kazi ya mfumo unaopokea cheti, kama ule wa mishahara, si ya mfumo mkuu, na hapa ndipo lawama hupelekwa kusiko. Kiwango cha SAML 2.0, cha mwaka 2005, kinautaka mfumo unaopokea utunze namba ya kila cheti kilichotumika na ukikatae kikirudi, hadi muda wake uishe. Muda wenyewe kwa kawaida ni dakika chache. Lakini saa za seva zikipishana, wafanyakazi hulalamika kwamba wanakataliwa, na fundi mwenye haraka huongeza muda hadi saa nzima badala ya kurekebisha saa. Kuna na hili, ambalo hata mafundi wazuri hulipita: mfumo unaoendeshwa na seva mbili, kila moja na kumbukumbu yake. Cheti kilichokwisha tumika kwenye ya kwanza, ya pili inakiona kipya kabisa.

Ukifunga hapo, vinabaki vidakuzi vya kivinjari, yaani rekodi ndogo zinazokumbuka kwamba umeshaingia. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa Okta, kampuni ya Marekani inayouza huduma hii hii ya kuingia mara moja, wakafikia mafaili ya wateja 134. Baadhi yalikuwa mafaili ya HAR, yale ambayo kivinjari hurekodi ili fundi aone tatizo liko wapi, na ndani yake mlikuwa na tokeni zilizo hai, yaani alama za siri zinazomtambulisha aliyekwisha ingia, kama zile za kwenye vidakuzi. Kwa tokeni hizo waliteka vikao vya wateja 5, yaani waliingia kwenye akaunti zilizokuwa zimeshafunguliwa. Basi ukiombwa faili la HAR, ondoa tokeni kwanza, kisha toka kwenye akaunti kabla hujalituma.

Upimaji wetu, wa kuona kama mfumo wako unakataa cheti kilichokwisha tumika, ni mfupi. Tunaingia kwa akaunti ya majaribio, tunanasa cheti, tunatoka, kisha tunakituma tena: mara moja papo hapo, mara nyingine muda wake ukishakwisha. Mlango ukifunguka, tunakuandikia ripoti ya kumpelekea aliyekuuzia programu, maana mara nyingi marekebisho yako kwake. Tunachohitaji ni akaunti hiyo ya majaribio na ruhusa ya maandishi ya mwenye mfumo. Nywila ya admin usitutumie, hata ikiombwa kwa jina letu.