Mahubiri ya ukame yaanze na Zaburi

Mhariri,

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Mvua ikikatika Februari mahindi yakiwa yanachanua, punje hazifungi, na hata ikirudi Machi imeshachelewa. Jumapili inayofuata, mara nyingi mhubiri hupanda mimbarani kufundisha kwamba Mungu ndiye anayeongoza yote. Fundisho hilo ni la kweli, ila limekuja mapema mno. Mkulima aliyetoka kuona shamba lake limekauka hulisikia kama hukumu.

Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku 7, wakafanya vema. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Mengi waliyosema yangepata alama nzuri katika mtihani wa theolojia, lakini katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao na kumkubali Ayubu aliyelalamika.

Nawasihi wachungaji na wainjilisti waanze na Zaburi 13. Ina mistari 6: miwili ya kulalamika, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Isomwe yote, polepole. Pawe na kimya cha dakika mbili, kisha waumini wenyewe wataje kilichopotea: ekari, mbegu ya mkopo, ndama. Mahubiri yaje baada ya hapo, yawe mafupi. Kinachoharibu mara nyingi ni kurukia mstari wa 5 kwa sababu kwaya imeshaandaa wimbo wa shangwe. Aliyefiwa na shamba hajapewa nafasi ya kulia, anaambiwa aimbe. Zaburi 88 yenyewe inaishia gizani. Isomwe hivyo hivyo, bila kuongezewa faraja ambayo mtunzi hakuiweka.

Kwa maombi ya mvua, Yeremia 14 inafaa kuliko sura nyingi: watumishi wanarudi kutoka visimani na vyombo vitupu, paa anamwacha mtoto wake kwa kukosa majani. Hapo kuna hatari moja. Sura hiyo inataja dhambi, na mhubiri asiye mwangalifu ataanza kutafuta wa kulaumiwa kijijini. Katika mstari wa 7 nabii anajihesabu pamoja na watu wake, na mhubiri afanye vivyo hivyo.

Maongozi ya Mungu yafundishwe kwa kina katika kipindi cha Biblia cha katikati ya wiki, ambako muumini anaweza kumkatiza mwalimu na kuuliza mbona shamba la ng'ambo ya korongo lilipata mvua.

Msomaji,
Dodoma