Barua kutoka Varanasi, mwezi wa Kartik ulipokwisha

Varanasi,
17 Novemba 2024

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku ng'ambo, India. Mimi sijambo, mafua tu ya baridi iliyoanza. Wasiwasi ni juu yako na watoto. Ujumbe wako wa sauti niliupata, unaniuliza Diwali nimeionaje. Nikacheka peke yangu. Diwali ilipita tangu tarehe 31 Oktoba, na siku hiyo shughuli ndiyo kwanza zilikuwa zimefika kati! Diwali ni usiku mmoja. Wenyewe hapa wana mwezi mzima, unaitwa Kartik, na ibada yake wanaihesabu kuwa na thawabu kuliko ya miezi mingine, kama sisi na Ramadhani. Umekwisha juzi Ijumaa, mwezi ulipokuwa mpevu.

Ndiyo, mpevu. Watu wa kaskazini hapa huanza kuhesabu mwezi mbalamwezi inapopea, wakamaliza inapopea tena. Wagujarati wao humaliza kwenye giza, mbalamwezi isipoonekana kabisa. Sasa mkumbuke yule Mhindi wa duka la kona, aliyetugawia jalebi usiku wa Diwali, kesho yake tukakuta duka limefungwa, akatuambia leo kwao Mwaka Mpya. Tukasema mzee anatudanganya, mwaka mpya gani wa mwezi wa kumi na moja? Kumbe alisema kweli. Kwa Kigujarati giza la Diwali ndilo linalofunga mwaka, na vitabu vya hesabu vya dukani hufanyiwa ibada usiku huo, vipya vikafunguliwa. Na sisi tulivyoomba daftari la madeni la mama zetu lipotee humohumo!

Mwaka wao ni wa mwezi, siku 354 hivi kama wetu, ila Diwali haizunguki misimu kama Ramadhani. Kila baada ya miezi thelathini na kitu wanachomeka mwezi wa ziada, mambo yanarudi mahali pake. Mwaka jana waliuchomeka. Lakini usidhani wamepona ugomvi wa kalenda: mwaka huu wengine walisema Diwali ni tarehe 31, wengine tarehe 1, kwa kuwa ile siku ya giza ilianza alasiri ya leo ikaisha jioni ya kesho. Nikajisikia niko Tanga usiku wa kuamkia Idi.

Mwenye nyumba wangu ni mjane wa miaka sabini na kitu, namwita Mataji, yaani mama, kama wanavyomwita wote. Mwezi mzima aliamka saa kumi alfajiri akashuka ngazi za Assi kuoga mtoni Ganga, maji ya kukukata mifupa. Mimi nikitoka kutawadha kwa ajili ya Alfajiri, tunapishana ngazini, sari yake inachuruzika. Haongei mpaka amalize kumwagilia mrehani wake. Jikoni nako alipiga marufuku vitunguu maji, thomu na bilinganya mpaka mwezi uishe. Jiko letu ni moja, kwa hiyo nimepika pilau isiyo kitunguu wala thomu. Hiyo ni pilau au ni msiba?

Ule mrehani wanauita tulsi, ndugu wa rehani yetu ya vikuba, harufu yake kali zaidi kidogo. Wanaamini mungu wao Vishnu hulala miezi minne, na muda huo wote harusi hazifungwi. Mwaka huu aliamka tarehe 12, na kwa Mataji arusi ya kwanza ikawa ya mrehani wenyewe! Aliuvika kitambaa chekundu na bangili, akausimamishia miwa minne kama hema, na bwana arusi akawa jiwe jeusi, duara, la kutoka mto Gandaki kule Nepal. Jiwe hilo ndilo Vishnu mwenyewe. Majirani waliimba nyimbo za kumtania bwana arusi, nilivyoelewa mimi, na nikajua hawa hawana tofauti na makungwi wa kwetu. Tangu siku hiyo ni matarumbeta ya arusi za watu kila usiku, kusoma hakuna.

Sikueleza habari ya Tulsi Ghat, ngazi nyingine za mtoni, ambako mtoto anayeigiza mungu wao Krishna hurukia mtoni toka kwenye tawi, kisha akaibuka amesimama juu ya nyoka. Umati ulinizidi kimo, niliona kichwa cha nyoka tu. Wala ya wale wanawake wa Chhath, sikukuu yao ya jua, wanaofunga saa thelathini na sita bila hata maji, wakasimama mtoni kulipokea jua. Hiyo nitakusimulia kwa mdomo.

Ninachotaka kukuandikia ni vikapu. Ukifika ngazi za Panchganga jioni ya mwezi huu, unakuta mianzi mirefu imesimikwa, na kwenye ncha ya kila mmoja kining'inio cha kikapu chenye taa ndani. Huwashwa kwa ajili ya waliokufa, wapate mwanga njiani. Mataji huhamia huko kuoga siku tano za mwisho, nikamsindikiza mara moja. Juu ya ngazi hizohizo upo msikiti wa Alamgir, wa enzi za mfalme Aurangzeb. Kisa cha ulivyojengwa kina machungu kwao, nikanyamaza. Mataji alivuta kamba, kikapu cha mumewe kikapanda kwa kusitasita, kikifika juu akaifunga kamba kwa fundo alilolizoea mkono. Akaniuliza, kwenu mnawawashia taa? Nikamwambia sisi tunawasomea hitima, tunawaombea dua. Akasema, "Basi mwombee na wa kwangu." Nikamtaja mamako, Mungu amrehemu, kwamba atatimiza mwaka mwezi ujao. Sikupanga kumtaja.

Juzi ndiyo ikawa Dev Deepavali, usiku wanaosema miungu hushuka kuoga Ganga. Ngazi zote za mji, themanini na kitu, zimejaa vitaa vya udongo tangu maji mpaka juu. Picha nimekutumia, na hazidanganyi. Ila nikwambie ukweli, usiku ule ni wa wageni na kamera: mashua zimepandisha bei, vipaza sauti vinagombana. Mataji hakutoka kabisa. Kulipopambazuka nilikuta watoto wanamimina mafuta yaliyobaki kwenye chupa wapeleke kwao kupikia, na wafagiaji wanasukuma vigae vilivyoungua.

Leo kashusha vitu vyake vyote, kikapu kakitundika ukumbini mpaka mwakani. Kitaa kimoja kisichowashwa amenipa "cha yule rafiki yako." Wewe utajua pa kukiweka, hata ukikitilia ubani ni sawa. Nimekiviringisha ndani ya soksi kisivunjike.

Vitunguu vimerudi jikoni. Niandikie hitima ya mama mmeiweka tarehe ngapi, nipige simu siku hiyo. Na uniambie kama kweli nauli ya Dar imepanda tena.

Mimi shogayo wa Barabara ya 15