Chupa 12 za Mzee

Iringa, mwishoni mwa Mei

Mama Upendo wangu,

Kamwene! Za Dodoma? Watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila baridi imewahi mwaka huu. Najua umenuna kwa kimya changu tangu Pasaka. Nisamehe, nitakueleza ukija. Leo nina jambo.

Mwezi ujao Mzee na Mama wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Misa ni Tosamaganga, palepale walipofungia, kisha chakula nyumbani. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nao ni wa masika, Juni utakuwa umekwisha, na bia Mzee haitaki. Anataka ule mvinyo mwekundu uliomletea, ule mkavu wa zabibu za Makutupora. Yeye anauita divai ya padri.

Kamati imekataa! Shemeji anasema mvinyo usio na sukari umechacha, wageni wataumwaga kwenye maua, tununue mtamu. Kikaoni nilinyamaza, lakini roho haikutulia. Nikarudi nyumbani nikafungua chupa ya mwisho uliyonipa.

Niliuonja mtupu kwanza: ukakasi kama wa zambarau, ulimi ukakunjamana. Nikaujaribu kwa perege wa Mtera, ikaja ladha ya chuma, kama nimelamba msumari. Nikaanza kuona Shemeji ana haki. Halafu nikachukua ubavu wa mbuzi, umetoka motoni sasa hivi, mafuta yanachuruzika, chumvi tu. Nikatafuna, nikashushia. Mama Upendo, ukakasi wote ukalainika! Mafuta yanautuliza, na wenyewe unausafisha mdomo, unatamani kipande kingine. Ukakasi ule unatoka kwenye maganda ya zabibu, huko huko inakotoka rangi. Haujachacha, ndivyo ulivyo. Sisi tunaunywa kama soda, bila nyama, ndiyo maana tunauona mchungu.

Basi, mbuzi na kitimoto viende na mkavu, na ile jibini ya Njombe pia. Keki iende na mtamu, Shemeji apate wake. Pilipili ikae mbali kabisa. Nilichovya nyama kwenye kachumbari kali nikanywa, koo likawaka mara mbili.

Naomba uninunulie chupa 12. Wageni ni 60, na chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za kiasi, kila mtu moja. Usiziache ziungue njiani kama ile ya mwaka jana: basi liliiweka karibu na injini, ikafika ya moto, kizibo kimesukumwa juu, ladha imeharibika kabisa. Niliumia sana. Safari hii zifunge kwenye khanga, zilale chini ya kiti upande usiopigwa jua, basi la alfajiri. Zikifika sihitaji friji. Kwa joto la kwenu lazima mzipoze kidogo, lakini chumba cha Mama mwezi wa sita kinatosha.

Nasumbuka hivi kwa sababu ya ile jioni ya Pasaka. Wewe ulikuwa jikoni, hukuona. Mzee alishika glasi kwa mikono miwili, akanusa, akaonja, kisha akamwita Mama: njoo uonje. Wakanywa glasi moja, wakipokezana, mpaka ikaisha. Miaka yangu yote sijawahi kuwaona hivyo. Nikiambiwa siku yao tuwape mwingine kwa sababu Shemeji anapenda sukari, siwezi.

Sasa niambie: chupa ni shilingi ngapi siku hizi? Ukienda Hombolo mwenyewe utapata nafuu? Mmekwisha kuvuna zile za Machi, au nichukue wa mwaka jana ambao umetulia? Mguu wa Baba Upendo unaendeleaje? Na wewe, utakuja nao mwenyewe au utautuma? Njoo, jamani. Kitanda cha Upendo kipo.

Nijibu kabla ya Alhamisi, ndiyo siku ya kikao.

Wako,
Mama Tumaini