Uliongezewa damu zamani? Vipimo vya kuomba maabara

Wapo wateja wanaotufikia na swali walilokaa nalo miaka mingi: niliongezewa damu wakati wa kujifungua, au baada ya ajali, je, ile damu ilikuwa salama? Tunafurahi wanapouliza, kwa sababu swali hilo lina jibu, na mara nyingi linapatikana kwa kuchukuliwa damu ya kipimo mara moja tu.

Jambo la kwanza tutakalokuuliza ni mwaka. Kipimo cha VVU kwa damu ya wachangiaji kilianza kutumika 1985. Kirusi cha homa ya ini C kilitambuliwa 1989, na vipimo vyake vikaanza kuingia kwenye benki za damu kuanzia 1990, tena si kila nchi kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo hata hospitali makini haikuwa na namna ya kukinasa. Nchini Uingereza, ripoti ya uchunguzi wa umma iliyotoka Mei 2024 ilionyesha kuwa zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa VVU au homa ya ini kupitia damu na dawa zinazotengenezwa kwa damu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linataka kila chupa ya damu ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Hilo likifanywa sawasawa, hatari inabaki ndogo sana.

Homa ya ini C ndiyo tunayoisemea zaidi, maana hukaa kimya. Mtu anaweza kuishi nayo miaka 20 au zaidi bila dalili huku ini likijaa makovu taratibu. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, na kingamwili hizo hubaki mwilini hata kwa aliyekwisha kupona. Takriban watu 30 kati ya 100 walioambukizwa huondokewa na kirusi wenyewe ndani ya miezi 6. Kwa hiyo jibu chanya hapa linamaanisha kwamba uliwahi kukutana na kirusi, basi. Lazima kifuate kipimo cha pili, cha RNA, kinachotafuta kirusi chenyewe. Tafadhali usirudi nyumbani na hofu ya jibu la kwanza pekee. Dai kipimo cha pili. Na likithibitika, dawa za kumeza zilizopo sasa huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, mara nyingi kwa wiki 8 hadi 12. Aliyekwisha kupata makovu makubwa ataendelea kufuatiliwa ini hata baada ya kupona, ndiyo maana hatupendi mtu asubiri.

Kwa homa ya ini B, omba vipimo vitatu kwa pamoja: antijeni ya ganda la kirusi, yaani protini ya kirusi chenyewe (HBsAg), kingamwili dhidi ya kiini chake (anti-HBc), na kingamwili zinazoonyesha kinga (anti-HBs). Vikisomwa pamoja vinaonyesha kama unaishi na ugonjwa, uliugua ukapona, una kinga ya chanjo, au bado unahitaji kuchanjwa. VVU na kaswende hupimwa kwa damu hiyohiyo.

Kama damu uliongezewa miaka iliyopita, kupima mara moja kunatosha kujibu swali la damu ile. Kama ni majuzi, hali ni nyingine: kingamwili za homa ya ini C huweza kuchukua wiki 8 hadi 11 kuonekana, hivyo jibu hasi la mapema si la mwisho. Kipimo cha RNA huweza kukiona kirusi ndani ya wiki 1 hadi 2. Wenye selimundu au thalasemia (magonjwa ya damu ya kurithi) wanaoongezewa damu mara kwa mara wapangiwe ratiba na daktari wao.

Wengine hawajui kama waliongezewa damu, kwa kuwa walikuwa watoto au hawakuwa na fahamu. Ukiwa na kovu la upasuaji mkubwa na hakuna wa kumuuliza, pima tu. Huhitaji kufunga kula. Njoo na kadi ya chanjo na karatasi zozote za hospitali ulizotunza.

Ombi moja tunalirudia kwa kila mteja: usiende kuchangia damu kwa nia ya kujua hali yako. Maambukizi mapya yanaweza kupita bila kuonekana kwenye kipimo, na chupa hiyo itamfikia mgonjwa. Pima kwanza.