Asante sana dada wa pale maktaba

Dada ulieniachia kile kitabu cha maisha ya Julia Child, yule mpishi wa Marekani, pale maktaba, jina lako sikuuliza na hilo linaniuma mpaka leo, asante sana tena sana. Kilibaki kimoja tu na wewe ndo ulikishika kwanza, ukaona navyokiangalia ukasema chukua tu, mimi ntasoma siku nyingine. Nimekimaliza kwa siku mbili yani hata kulala nililala kidogo! Nilikuwa namjua wa kwenye TV tu, yule mama mrefu mwenye sauti yake ile, anapika huku anafurahi, kumbe wakati wa vita ya pili ya dunia alifanya kazi kwenye shirika la ujasusi la Marekani, chuo cha mapishi kaingia Paris mwaka 1949 akiwa na miaka 37, kitabu chake cha kwanza kikatoka 1961 na kipindi chake kikaanza kule Boston 1963 akiwa na miaka 50. Hamsini jamani! Na mimi nilishajiambia nimechelewa kujifunza kupika. Sa hivi kila asubuhi niko na omleti. Dada angu, kitabu nimesharudisha, nenda kakichukue.